Kuwaambia Wapendwa Kwamba Tumerudi Kanisa Katoliki

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa kuzungumza nanyi mliorejea katika Kanisa Katoliki baada ya kusali kwa miaka kadhaa na ndugu zetu walokole, wanaoitana wapendwa, juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliahirisha. Mmekwisha kuungama, jumuiya ndogo ndogo zimewapokea, na wengine ndoa zenu zimebarikiwa. Lakini yule mpendwa aliyekesha nawe wodini mama alipolazwa bado hujamwambia.

Mnayajua yatakayosemwa: amerudi nyuma, ameacha wokovu, amerudia sanamu. Nilipomweleza rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili, alinisikiliza hadi mwisho, Biblia yake iliyojaa mistari ya kalamu nyekundu ikiwa mapajani, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo, mpendwa, sasa unategemea matendo yako?" Bikira Maria hakumtaja, wala Baba Mtakatifu. Naamini kwamba chini ya maswali yao mengi liko hilo, nao huliuliza kwa upendo, maana kwa imani yao roho yako imo hatarini. Basi tuanzie hapo, tusikimbilie kutetea rozari.

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulifundisha kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, yaani kufanywa mwenye haki mbele za Mungu, iwe imani au matendo, ambacho kinaweza kumstahilisha mtu neema hiyo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu fundisho hilo, wakikiri kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya wokovu ya Kristo na si kwa stahili yetu yoyote, na kwamba Roho Mtakatifu anaifanya upya mioyo yetu na kutuita tutende mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayamo katika makubaliano hayo, na tofauti kuhusu toharani, sakramenti na mamlaka ya Kanisa zingali zipo; rafiki yako anastahili kuzisikia wazi. Hata hivyo, swali lake la kwanza lina jibu, nalo ni kwamba unamtegemea Kristo.

Pili, aisikie habari hii kwako mwenyewe, isimfikie kupitia kundi la WhatsApp la kwaya. Francis Beckwith, mwanafalsafa wa Marekani aliyelelewa katika Ukatoliki, alikuwa rais wa chama cha wanateolojia wa kiinjili, Evangelical Theological Society, aliporejea mwaka 2007. Alikusudia kungoja hadi muda wake wa uongozi umalizike, lakini mpwa wake alimwomba awe msimamizi wake wa Kipaimara, na msimamizi lazima awe Mkatoliki katika ushirika kamili. Akaungama mwishoni mwa Aprili, na mwanzoni mwa Mei akajiuzulu na kueleza sababu zake hadharani. Ninauheshimu sana uamuzi huo, kwa kuwa hakutaka kuwaongoza watu ambao hawakujua anasimama wapi.

Mwambie pia alichokupa. Kama ni kwake ulikojifunza kusoma Maandiko kila alfajiri, mshukuru kwa hilo, tena bila masharti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, unakiri kwamba Roho wa Kristo hakukataa kuyatumia makanisa na jumuiya hizo kama njia za wokovu. Kumshukuru, basi, hakupingani na imani uliyoirudia.

Kuna jambo la mwisho, ambalo huleta maumivu lisiposemwa mapema. Atakualika harusini, kwenye ibada ya shukrani au msibani. Nenda, uimbe na kuomba pamoja nao. Ila Meza ya Bwana ikiandaliwa hutashiriki, kama vile na yeye, kwa kawaida, hapokei Komunyo kwetu. Mweleze siku kadhaa kabla, mkiwa wawili, ili atakapokuona umebaki kwenye kiti asidhani unamdharau mbele ya wageni wake.

Sasa nakaribisha maswali.