Nta ya Joto Lolote, Pasi ya Nguo na Upepo wa Chinook

BARAKA: Shikamoo, dada Zuhura.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Washa hicho kinasa sauti, pasi imeshapata moto.

BARAKA: Kimeshawaka. Wasikilizaji, leo hatuko mezani kama mlivyozoea. Tuko kwenye gereji ya dada Zuhura hapa Calgary, nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri, na snoubodi yangu, ubao wangu wa kutelezea kwenye theluji, imelazwa kifudifudi kama mgonjwa anayesubiri sindano.

ZUHURA: Na mgonjwa mwenyewe hali si nzuri. Hebu njoo uone hapa pembeni, karibu na ukingo wa chuma. Unauona weupe huu?

BARAKA: Nilidhani ni chumvi ya barabarani.

ZUHURA: Pitisha kidole.

BARAKA: Aisee. Inakwaruza kama kisigino cha mtu aliyemaliza kiangazi bila kupaka mafuta.

ZUHURA: Basi ndiyo hiyo hiyo. Soli, huu upande wa chini unaoteleza, imekauka. Mara ya mwisho uliipaka nta lini?

BARAKA: Dada, tusianze na maswali ya polisi.

ZUHURA: Lini?

BARAKA: Mwaka jana. Na ile siku yenyewe unaijua.

ZUHURA: Mimi naijua, wao hawaijui. Waambie.

BARAKA: Haya. Nilinunua kipande cha nta, nikajiona fundi. Pasi ya kitaalamu sina, nikachukua ya kupigia mashati. Nikaiweka kwenye alama ya pamba, maana nilijiambia ubao ni mgumu kuliko shati, unahitaji moto zaidi. Nta ikagusa pasi, moshi ukapaa mpaka darini, king'ora cha moto kikalia jengo zima. Wazee wa ghorofa ya tatu wakashuka na mablanketi, theluji inanyesha. Nikasimama pale na mimi nikishangaa moto umetokea wapi.

ZUHURA: (anacheka) Na shati je?

BARAKA: Shati la harusi ya binamu yangu lilipata mstari wa kijani mgongoni. Halitoki mpaka leo.

ZUHURA: Basi somo la kwanza umeshalilipia. Pasi iliyogusa nta hairudi kwenye nguo. Na nta ikitoa moshi, imeungua, na soli iko njiani kuungua nayo. Hii pasi yangu nimeiweka nyuzi 125. Nta nyingi za joto lolote zinataka kati ya 120 na 140, imeandikwa kwenye pakiti. Tatizo la pasi ya nguo ni kwamba moto wake unapanda na kushuka, na ina matundu ya mvuke ambayo nta inajificha ndani.

BARAKA: Sasa hilo jina, "joto lolote". Kweli ni lolote?

ZUHURA: Ni lolote la muuzaji. Geuza pakiti usome kwa nyuma, utakuta namba. Nyingi zinaishia kama nyuzi 10 au 12 chini ya sifuri upande wa baridi, na upande wa juu zinafika sifuri au kupita kidogo. Hapo katikati zinafanya kazi vizuri tu.

BARAKA: Na hizi nyingine za rangi? Dukani niliona kijani, buluu, zambarau, nyekundu, njano, nikahisi niko kwenye duka la kanga.

ZUHURA: Rangi ni joto la theluji. Kijani ni baridi kali, buluu inafuata, halafu zambarau, nyekundu, mpaka njano ya theluji iliyolowa. Nyingi za siku hizi msingi wake ni parafini. Na wasikilizaji wa Kenya msinielewe vibaya, si ile ya koroboi! Ni parafini ngumu, ya jamii ya mshumaa. Ya baridi ni ngumu zaidi, ya joto ni laini.

BARAKA: Kwa nini baridi itake ngumu?

ZUHURA: Kwa sababu theluji ya baridi kali ina ncha. Punje yake ni kama kigae cha chupa. Nta laini ikipita juu yake, zile ncha zinazama ndani na kukushika. Theluji ya joto ni kinyume, shida yake ni maji. Ushawahi kuosha sahani mbili za glasi, ukazipandanisha zikiwa na maji, zikagoma kuachana?

BARAKA: Mara nyingi.

ZUHURA: Hivyo ndivyo soli inavyoshikwa na theluji iliyolowa. Hapo unataka nta inayoyakataa maji. Sasa nta ya joto lolote ni mchanganyiko wa katikati. Haitakushindia mbio, lakini haitakuaibisha.

BARAKA: Na kwa Calgary hiyo ndiyo hoja yangu. Mji huu una upepo wa chinook. Kwa msiowahi kukaa hapa: ni upepo unaoshuka kutoka milima ya Rockies, mkavu na wa joto, na unaweza kupandisha joto nyuzi 20 ndani ya saa chache. Januari iliyopita niliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 18 chini. Rafiki yangu alikuwa amenipakia nta ya kijani, ya baridi. Nikawa nateleza kama samaki. Kufika saa nane mchana, nyuzi 7 juu ya sifuri, theluji imekuwa uji. Ubao ukagoma, kama nimekanyaga ulimbo. Nilitoka mlimani natembea, ubao kwapani.

ZUHURA: Na hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanatazama joto la hewa kwenye simu. Hewa inaweza kuwa nyuzi 7, theluji haiwezi kupita sifuri, ikipita ni maji. Na usiku wa mbingu safi, theluji inakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Asubuhi unaona simu inasema 8 chini, kumbe theluji iko 13. Dukani ninakofanya kazi Jumamosi tuna kipimajoto cha kuchomeka kwenye theluji.

BARAKA: Kwa hiyo mtu wa chinook anunue joto lolote amalize?

ZUHURA: Anunue joto lolote, na kipande kimoja cha kijani cha pembeni. Ukiona wiki nzima ni 20 chini, unadondosha tone la hii na tone la ile, pasi inazichanganya. Basi. Anayekuuzia seti ya rangi sita na wewe unapanda mlima siku nane kwa mwaka, anakutania.

BARAKA: Dada Zuhura, utafukuzwa kazi.

ZUHURA: Wanajua msimamo wangu. Shika ubao. Umelegeza skrubu za vifungo vya viatu?

BARAKA: Za nini tena?

ZUHURA: Ndani ya ubao, chini ya kila skrubu, kuna chuma. Ukipiga pasi huku skrubu zimekazwa, soli inavutwa juu pale pale inabaki na vishimo. Legeza kidogo, usizing'oe. Kwa ski, zile mbao mbili za kila mguu wake, tatizo ni breki: zirudishe nyuma uzifunge kwa mpira, zisikuzuie.

(Sauti ya bisibisi.)

BARAKA: Tayari.

ZUHURA: Sasa angalia. Nasugua kwa brashi ya shaba, kutoka pua kwenda mkia, kutoa uchafu. Halafu nagusisha nta kwenye pasi, inadondoka. Tone, tone, tone, umbali wa vidole viwili, na mstari wa ziada pembeni kwa sababu ndiko kunakokauka kwanza. Shika wewe pasi. Ishuke, na usisimame! Ukisimama hata sekunde kadhaa unaichoma. Tazama nyuma ya pasi.

BARAKA: Kuna kimkia kinang'aa.

ZUHURA: Hicho ni nta ambayo bado ni maji. Kikiwa urefu wa vidole vitatu vinne, mwendo wako ni sahihi. Kikijaa ubao mzima, umechelewa au moto umezidi.

BARAKA: Inanukia kama msikitini umeme ukikatika.

ZUHURA: (anacheka) Sisi Lamu hii inanikumbusha kitu kingine. Jahazi likipandishwa ufukweni, linapakwa deheni chini, shahamu na chokaa, ili mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Babu yangu alikuwa anapaka kwa mkono, mpaka kiwiko. Huku wanapaka kwa pasi ya umeme, lakini uso wa mtu anayepaka ni ule ule.

BARAKA: Na soli yenyewe ni mti?

ZUHURA: Hapana, plastiki, poliethilini, jamii moja na dumu la maji, ila ya daraja la juu sana. Kuna mbili. Moja inayeyushwa na kusukumwa itoke ubapa, ni rahisi kutengeneza, lakini hainywi nta nyingi. Nyingine ni unga wa plastiki unaokandamizwa kwa moto, hiyo inakunywa nta na kuitunza. Yako ni ya pili. Ndiyo maana imelia kiu namna hii.

BARAKA: Tumemaliza pasi. Sasa nikwangue?

ZUHURA: Ndiyo kwanza tunakaa. Nusu saa, ipoe hapa ndani. Usiipeleke nje eti ipoe haraka.

BARAKA: Basi nisome swali. Kuna msikilizaji yuko Edmonton, ana ski za kutembelea porini, zile nyembamba. Anauliza kama nta hii inafaa.

ZUHURA: Inafaa mbele na nyuma, haifai katikati. Zile ski unasukuma kwa mguu, na pale chini ya mguu panatakiwa pashike theluji, kwa nta ya kunata au kwa magamba kama ya samaki yaliyochongwa kwenye soli. Ukipaka ya kuteleza hapo, utakuwa unakimbia mahali pamoja.

BARAKA: Hizo ndizo za Philip Boit, siyo?

ZUHURA: Ndizo. Mkimbiaji wa Eldoret, Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, akamngoja kwenye mstari dakika 20 ili amkumbatie. Boit akampa mtoto wake jina la Dæhlie. Sasa nikimwona mtu anacheka mtu mweusi kwenye theluji, namsimulia hilo.

BARAKA: Na hii habari ya nta za florini? Niliona kipande cha zamani kwenye meza ya vitu vya mtumba, bei ya kutupa.

ZUHURA: Kiache pale pale. Nta za florini zilikuwa zinapaa kwenye theluji iliyolowa, hilo ni kweli. Lakini ni zile kemikali zisizooza, zinabaki kwenye maji na kwenye mwili. Watafiti wa Sweden walipima damu ya mafundi wa timu za ski wakazikuta kwa wingi, kwa sababu ya ule moshi wa pasi. Shirikisho la kimataifa la ski, FIS, lilitangaza kuzipiga marufuku mwaka 2019, na marufuku yakaanza kazi kamili msimu wa 2023/24. Na wewe ulikuwa unavuta moshi chumbani na madirisha yamefungwa.

BARAKA: Yangu haikuwa na florini.

ZUHURA: Ulisoma pakiti?

BARAKA: ...Tuendelee.

(Mapumziko.)

ZUHURA: Haya, imepoa. Chukua hiki kibao cha plastiki. Kilaze nusu nusu, usikisimamishe wima. Pua kwenda mkia, kwa mkono imara.

(Sauti ya kukwangua.)

BARAKA: Inatoka kama nazi! Dada, lakini si ndiyo nta yenyewe tunaitupa? Niibakize kidogo basi, ya akiba.

ZUHURA: Kila mtu anasema hivyo, na dukani ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Nta inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Inayobaki juu inakushika na kubeba uchafu. Kwangua mpaka kisitoke kitu, halafu ukwangue tena. Mtu akiniambia nta ya joto lolote ni mbovu, simuulizi amenunua ya kampuni gani, namwambia nionyeshe soli. Nikipitisha ukucha ukatoka na nta, najua shida iko wapi.

BARAKA: Na zile za kupaka kwa mkono, za kwenye kopo?

ZUHURA: Miteremko mitatu, minne, imekwisha. Ni ya dharura mfukoni. Hii ya pasi kwa theluji ya asili utapata siku nne tano. Pale kilima cha mjini ambako theluji ni ya mashine, punje zake zinasaga kama msasa, hesabu pungufu. Sasa brashi ya nailoni. Sugua kama unasugua sufuria ya ugali uliogandia.

(Sauti ya brashi.)

BARAKA: Dah. Najiona uso.

ZUHURA: Weupe wa pembeni?

BARAKA: Umeondoka. Umebaki hapa karibu na mkia tu.

ZUHURA: Hapo utapiga pasi tena wiki ijayo, haikauki mwaka mzima ikapona siku moja. Kaza skrubu zako. Na kabla hujaondoka chukua fagio, hizi chenga za nta zikikanyagwa na mume wangu na soksi ataanguka, na tutakesha kwenye dharura.

BARAKA: Jumamosi tunakwenda mlimani, Nakiska?

ZUHURA: Utabiri unasema theluji itakuwa kama 6 chini. Saa kumi na mbili na nusu nikukute mlangoni. Chai naleta mimi, mandazi unaleta wewe, na si yale ya dukani.