Nyumba Imeingia Maji: Kausha Kwanza, Rangi Baadaye

Habari zenu, watazamaji. Leo niko Kigogo, hapa Dar es Salaam, nyumbani kwa shangazi yangu. Juzi usiku Mto Msimbazi ulifurika, maji yakaingia mpaka vyumbani. Ona huu mstari wa tope ukutani, unanifika magotini. Maji yenyewe yameshatoka, kwa hiyo kazi inaanza. Nitakuonyesha yote, tangu mlangoni hadi rangi.

Kabla hujaingia, malizana na umeme. Swichi kubwa ikiwa pakavu na unaifikia bila kukanyaga maji, izime. Kama imelowa, usiiguse, wapigie TANESCO waje wakate kwenye nguzo. Soketi zilizozama zinafunguliwa na fundi umeme na kukaguliwa, hata ukiziona zimekauka.

Vaa mabuti ya mpira, glovu na barakoa inayobana vizuri puani. Maji haya yamepitia vyoo vya shimo na mitaro, yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu na mikojo ya panya ndani yake. Kama una kidonda, kifunike kisilowe. Watoto na mwenye pumu wakae kwa jirani kwanza. Wajukuu wa shangazi tumewapeleka Mburahati tangu jana.

Sasa toa vitu nje. Vipige picha kwanza kama una bima, au kama wewe ni mpangaji na itabidi mzungumze na mwenye nyumba. Kitanda cha mninga, masufuria, viti vya plastiki, hivyo vinaoshwa vinarudi. Unga, mchele na dawa zilizoloa, tupa. Kabati la chipubodi likishavimba halirudi hali yake. Godoro la sponji ndilo linaloleta ubishi kila nyumba. Shangazi alitaka tulianike. Nimelikandamiza mbele yake, tazama, maji ya kahawia yanatoka mpaka sasa, na limeanikwa juani tangu asubuhi. Juu litakauka, katikati litabaki bichi, na ukungu utalelewa humo humo unapolaza kichwa. Godoro ni ghali, najua. Litupe.

Tope litoe likiwa bado bichi, kwa beleshi na ndoo. Likikauka linashika kama saruji. Halafu osha sakafu na kuta kwa maji safi yenye sabuni ya unga, ukisugua kwa brashi ngumu.

Fungua madirisha ya pande zote mbili, hewa ipite kati. Fundi umeme akisharuhusu, weka feni dirishani ikitazama nje, itoe unyevu. Fanya haraka, maana ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Na hapa naomba unisikilize vizuri: usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga milango ili chumba kikauke. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Jenereta vilevile, ikae nje, mbali na dirisha.

Tuje kwenye ukuta. Chukua patasi, gonga lipu kwa mpini wake. Hapa juu, sikia: ko, ko, ko. Lipu imeshika. Shuka hapa chini: pu, pu. Hii imeachana na tofali, ina maji nyuma yake. Ibandue yote, na upande kama sentimita 30 juu ya mstari wa tope, kwa sababu tofali za saruji hunyonya maji kwenda juu. Dari ya jipsamu iliyolowa mpaka ikalegea nayo ikatwe.

Nyuma ya kabati hapa, haya madoa meusi yenye vinyoya ndiyo ukungu wenyewe. Usiukwangue ukiwa mkavu, vumbi lake litasambaa nyumba nzima na kuingia kifuani. Ulowanishe kwa maji ya sabuni, usugue, ufute kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Kisha changanya robo lita ya jiki kwa lita 4 za maji, paka, acha pakauke penyewe, madirisha yakiwa wazi. Usichanganye jiki na siki, dawa ya choo wala sabuni yoyote yenye amonia, mvuke wake ni sumu. Na ujue jiki inafanya kazi juu juu tu. Kama ukungu umeingia ndani ya lipu, dawa yake ni patasi.

Hapa nimeruka mbele, ni wiki ya tatu. Ukuta unaonekana mkavu, ukiushika ni mkavu. Lakini nina sababu ya kutouamini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia nyumba hii hii. Watu wengi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, shangazi akabaki. Siku ya kumi fundi akapiga niru na rangi, nyumba ikang'aa. Masika hayajaisha, rangi ikavimba malengelenge, ukipasua moja linatoa unga mweupe wa chumvi, na nyuma yake ukungu. Shangazi alikohoa mwaka mzima.

Kwa hiyo fanya hivi. Kata kipande cha nailoni angavu, upana kama kurasa mbili za daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, pasiachwe upenyo. Kilale usiku kucha. Asubuhi yake ni hii, sogea uone: upande wa ndani kuna matone madogo madogo, kama jasho. Ukuta bado unatoa maji, basi hatupaki kitu.

Wiki ya sita sasa. Nailoni kavu, sehemu zote nne tulizopima. Chumvi tumeipangusa kwa brashi kavu, lipu mpya imepigwa na kuachwa ikauke nayo, tukaipima vilevile. Rangi tumechagua ya maji, maana ya mafuta inaziba ukuta usipumue. Shangazi ameshaanza kupanga vyombo, nami nimemwomba jambo moja: "Shangazi, kabati lisigusane na ukuta, liache nafasi ya kiganja, hewa ipite nyuma."