Inemuri: Wajapani Wanavyosinzia Hadharani

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani. Leo tuzungumzie wale watu wa Tokyo mnaowaona wamefumba macho kwenye treni, suti mwilini, mkoba mapajani.

Jambo hili linaitwa inemuri. "I" ni kuwapo, "nemuri" ni usingizi: upo mahali, huku umesinzia. Kujinyoosha makusudi mchana ni hirune, nalo ni jambo jingine. Kiswahili chetu kimeshayagawa haya mawili vizuri, kulala na kusinzia, na adabu yote ya Wajapani imekaa kwenye mpaka huo. Mwili lazima uonekane bado uko kazini.

Kwa hiyo kaa wima, miguu ikutane, mikono juu ya mkoba, kidevu kishuke kifuani. Usimlalie jirani begani. Tafuta kiti cha mwisho kando ya mlango, kina kizuizi cha kuegemea. Simu iwe ya mtetemo na uishike mkononi, maana kengele kulia ndani ya behewa ni utovu wa adabu.

Wakati wa baridi kuwa macho zaidi: hita ziko chini ya viti, joto linakupanda miguuni, na hapo ndipo watu hupitiliza. Kwenye laini ya Yamanote hasara ni ndogo, treni inazunguka jiji kwa takriban saa moja na kukurudisha palepale. Ole wako laini ya Chuo, treni ya mwisho ya usiku! Utaamkia Takao, chini ya milima ya magharibi, na ya kukurudisha ni mpaka alfajiri.

Muda ni dakika 15 hadi 20. Mwongozo wa usingizi wa Wizara ya Afya ya Japani wa 2014 unataka isizidi 30, tena mapema mchana. Ukipita hapo unazama kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa katikati yake kichwa kinakuwa kama jiwe. Ukisinzia jioni, usiku utahesabu mapaa. Wengine hunywa kahawa kwanza, kwa kuwa kafeini huchukua kama nusu saa kushika, basi unaamka nayo inaanza kazi.

Ofisini sheria haiwi sawa kwa wote. Mkubwa akisinzia mkutanoni husamehewa, huonekana amechoka kwa kujituma. Mgeni kazini asijaribu. Na ukiitwa jina, jibu papo hapo.

Lakini msiige uchovu wenyewe, nawasihi. Takwimu za 2021 za OECD, shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea, ziliipa Japani wastani wa usingizi wa saa 7 na dakika 22 kwa siku, mdogo kuliko wote katika nchi 33 zilizolinganishwa. Lepe la dakika ishirini haliwezi kulipa deni hilo.

Kwa mnaokuja masomoni: vituo kadhaa vya Yamanote vina kijiwimbo chake cha kuondokea. Kariri cha kituo chako. Ukikisikia, inuka haraka, milango inafungwa.