Ramani ya kemia ya ubongo wa panya: FID, PRESS au semi-LASER?

Mabibi na mabwana, tunachora ramani ya kemikali za ubongo wa panya kwa mashine ya MRI, na FID, PRESS na semi-LASER ni mbinu tatu za kuchukua ishara zake. Nianze na hesabu, maana katika kazi hii hesabu ndiyo inayochagua mbinu. Chukua gridi ya 32 kwa 32 juu ya eneo la milimita 24. Kila vokseli (kisanduku kimoja cha ramani) ina upande wa milimita 0.75, kipande kikiwa na unene wa milimita 2, unabaki na kama mikrolita 1.1 ya ubongo. Lazima upime mara 1,024. Kwa PRESS yenye marudio ya sekunde 2.5, panya atalala mashineni karibu dakika 43. FID yenye marudio ya sekunde 0.8 humaliza kwa dakika 14 hivi. Pembe ya pigo la redio iwe nyuzi 54 hivi, ukichukulia T1 (kipimo cha kasi ya ishara kujirudisha baada ya pigo) ya sekunde 1.5.

Basi si tutumie FID tu? Tatizo ni kwamba FID haikati sanduku ndani ya ubongo. Inabeba kipande kizima, na mafuta ya chini ya ngozi ya kichwa yamo. Mafuta hayo hutoa ishara kati ya ppm 0.9 na 1.4 (ppm huonyesha mahali pa kemikali kwenye spektra, yaani mchoro wa ishara kwa masafa), palepale laktati inapokaa, 1.33. Mikanda ya kuzima mafuta ikikosewa kidogo tu, ramani ya laktati inang'aa pembeni, na asiyejua atasema kaona ugonjwa. Kisha kuna awamu, yaani mahali ishara ilipofika katika mzunguko wake. Ukichelewa milisekunde 1.3 kuanza kurekodi, ishara mbili zilizoachana kwa hezi 1,000 zitapishana nyuzi 468. Usizinyooshe kwa mkono, mstari wa chini wa spektra utayumba. Ingiza ucheleweshaji huohuo kwenye spektra za marejeo, zile unazolinganishia.

PRESS inakata sanduku, ila si mahali pamoja kwa kila kemikali. Kwenye tesla 9.4, laktati na inositoli (ppm 4.05) zimeachana kwa takriban hezi 1,090. Pigo lenye upana wa hezi 5,000 litahamisha sanduku la milimita 10 kwa zaidi ya milimita 2. Kwa panya, hapo umeshatoka kwenye gamba la ubongo ukaingia hipokampasi! Mapigo adiabatiki ya semi-LASER (yasiyotegemea sana nguvu kamili ya redio) yana upana mkubwa zaidi, kwa hiyo kosa hupungua, na hata koili (antena) ya juu ya kichwa isiyogawa nguvu sawasawa haiyasumbui sana. Hasara yake ni mwangwi, yaani ishara inayorudi baada ya mapigo, kuchelewa, na glutamati na glutamini huumia kwa kusubiri.

Kwangu mimi, ramani pana ni FID. Laktati karibu na fuvu, semi-LASER.

Ukiona spektra za karibu na masikio zimepanuka huku za katikati ziko safi, usilaumu mbinu. Hewa ya masikioni imevuruga uga wa sumaku. Rudi kausawazishe, na vokseli zisizorekebishika zitupe kabla ya kuchora ramani.