Jinsi ya kumzoesha mtoto mdogo barakoa kabla shule hazijafunguliwa

Hamjambo wazazi wenzangu, na nyanya na mashangazi mnaobaki na watoto nyumbani. Karibuni. Mafunzo haya ni ya siku za korona, kabla ya shule za hapa Kenya kufunguliwa Jumatatu, tarehe 4 Januari 2021. Wenzao wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tangu Oktoba 12, 2020, lakini hawa wadogo wetu, kuanzia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) mpaka Gredi ya 3, hawajaingia darasani tangu katikati ya Machi mwaka huo. Barakoa wameiona usoni mwetu tukienda sokoni. Wao wenyewe wengi hawajawahi kukaa nayo asubuhi nzima.

Niko hapa Mombasa na cherehani yangu mezani, na msaidizi wangu leo ni huyu mpwa wangu wa Gredi ya 2. Nikwambie mapema: kuvaa, mtoto atajua leo leo. Kazi iko kwenye kuvua. Akinywa uji, akinywa maji, akitaka kufuta kamasi, hapo ndipo barakoa inapoanguka chini, inapopotea, au inapobadilishwa na ya rafiki. Kwa hivyo tutakaa sana kwenye kuvua, mnivumilie.

Kwanza, umri. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo wa barakoa kwa watoto. Wa miaka 5 kurudi chini hawalazimiki kuvaa. Kuanzia 6 hadi 11 unaangalia hali ilivyo: maambukizi mtaani kwenu yakoje, mtoto anaweza kuitumia salama, pana maji ya kunawa, pana mtu mzima wa kumsimamia? Wa miaka 12 kwenda juu huvaa kama sisi. Sasa mama wa PP1 ataniuliza, mbona shule imesema hakuna kupita getini bila barakoa? Mimi nasema mpe avae, ila ongea na mwalimu wake: mtoto akilala mchana ivuliwe, akikimbia uwanjani ivuliwe. Kipimo changu ni kimoja. Mtoto asiyeweza kuivua mwenyewe bila kusaidiwa, asivalishwe. Na wa chini ya miaka 2 usimvalishe hata kidogo, huyo hawezi kukuambia kwamba hapumui vizuri. Mwenye pumu au tatizo lingine la kupumua, muulize daktari kabla ya siku ya kufungua.

Haya, tupime. Sogea hapa karibu na dirisha, mwanangu. Watu wengi humpima mtoto akiwa amefunga mdomo. Barakoa inakaa vizuri kweli, mpaka aanze kusoma kwa sauti: ba, be, bi, bo, bu. Kidevu kikishuka kinavuta kitambaa, na pua hiyo nje. Tazameni: namwambia afungue mdomo, aseme "aaa". Sasa ndipo naweka tepu juu ya mfupa wa pua na kuishusha mpaka chini ya kidevu. Umeona? Urefu umeongezeka. Huo ndio urefu wa kushonea, na ndiyo sababu naweka mikunjo mitatu hapa kati, ili kitambaa kifunguke anapoongea. Upana napima usoni, kutoka karibu na sikio hili mpaka karibu na lile. Huyu ametoka sentimita 15. Wako mpime mwenyewe, nyuso hazilingani.

Kitambaa: matabaka matatu. La ndani ni pamba laini inayofyonza mate na jasho, hata shuka kuukuu lililo zima linafaa. La nje kitambaa kigumu kidogo kisicholowa upesi, mimi nimetumia cha poliesta cha sare. La kati ni kitambaa kisichofumwa. Usihangaike kukitafuta dukani, maana ile mifuko ya kubebea iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2017 ndiyo hiyo hiyo. Chukua mpya usio na maandishi, ufue, uanike, kisha ukate. Ila pasi ya moto isiiguse, itayeyuka na kunata. Kwa pamba, inyanyue hivi mbele ya dirisha. Ukiona umbo la mkono wangu wote nyuma yake, kitambaa kimelegea, tafuta kingine.

Tabaka la ndani liwe rangi tofauti na la nje. Hapa ndani nyeupe, nje bluu. Mtoto simwambii habari ya "upande sahihi", namwambia nyeupe inagusa mdomo, basi. Jina lake nalidarizi ndani, kwa uzi, kwa sababu wino hufifia baada ya kufua mara chache.

Lastiki iwe laini na isibane. Baada ya nusu saa angalia nyuma ya masikio, ukiona mstari mwekundu, legeza. Waya wa puani kwa mtoto mdogo mimi siweki, hutoboa kitambaa na kutokeza ncha. Na ile kamba ndefu ya kuning'iniza barakoa shingoni, najua imependwa sana msimu huu, lakini mtoto anayepanda bembea na kushikana mieleka asivae kamba ya kumkaba shingo. Ikinasa mahali, ni balaa. Bora barakoa ipotee.

Sasa kuvaa. Anawe kwanza, kwa sabuni, sekunde 20. Kama hamna bomba, kibuyu chirizi cha mtungi wa lita 5 kinatosha. Ashike lastiki mbili, nyeupe mdomoni, sikio moja, sikio la pili, avute chini ipite kidevu. Kisha mwambie avute pumzi. Kitambaa kikiingia kidogo na kutoka, imekaa. Kikitulia tuli, hewa inapita pembeni.

Mazoezi anza na kipindi kimoja cha katuni. Kesho avae akichora. Keshokutwa akusomee kitabu akiwa nayo. Akilalamika joto, usimbishie, joto lipo. Januari pwani ni kaskazi, hata sisi wazima tunatoka jasho tumekaa. Mpe maji, apumzike, arudie.

Na sasa, kuvua. Nimeweka kikombe cha uji hapa, kama saa nne ya mapumziko. Mwangalieni kwanza afanye anavyojua. Ameona uji, ameishusha kidevuni. Huko kidevuni sasa inalowa uji, na akiipandisha tena vidole vyenye uji vitashika mbele ya kitambaa. Watoto wote huanza hivyo, hata wakubwa wengi tu. Tunarudia taratibu.

Mikono imenawa. Anashika lastiki peke yake, hagusi mbele. Anavuta kwenda mbele, mbali na uso. Anakunja katikati, nyeupe ikutane na nyeupe, ule upande uliogusa mdomo ujifiche ndani. Halafu inaingia mfukoni. Si mfuko wa kaptura wenye gololi na makombo ya biskuti, bali huu mfuko mdogo wa kitambaa niliomshonea. Nailoni usitumie, barakoa yenye unyevu itanuka humo kabla ya saa sita. Mfuko unarudi kwenye begi, mahali pale pale kila siku. Sasa anywe uji. Akimaliza ananawa, anafungua mfuko, anashika lastiki, anavaa.

Ukihesabu, ni hatua nyingi kwa mtu wa miaka saba. Ndiyo maana nasema msisubiri asubuhi ya Jumatatu. Kila mlo hapa nyumbani uwe zoezi, kuanzia leo. Na usimvulie wewe! Najua una haraka, chai inapoa, lakini shuleni wewe hutakuwepo, na mwalimu mmoja ana watoto wengi wa kuwaangalia kwa wakati mmoja.

Zoezi jingine watu hulisahau: kubadilishana. Wamekaa miezi tisa bila kuonana, watataka kupeana kila kitu. Mimi hujifanya rafiki yake. "Ebu nionyeshe yako. Nzuri! Nipe nivae kidogo, nawe chukua yangu ya simba." Msikilizeni anavyojibu.

"Hii yangu. Kila mtu na yake."

Safi. Rudia mchezo huo ukibembeleza zaidi, umwahidi na peremende, uone kama atashikilia msimamo. Kwa sababu hiyo hiyo barakoa za katuni za kuvaa shuleni simshonei. Avae ya katuni akienda kwa nyanya yake. Darasani, rangi moja isiyo na mbwembwe haitamaniwi na mtu.

Ngapi kwa siku? Kwa joto letu hili, moja ya kuvaa na moja ya akiba begini. Iliyolowa jasho au kamasi haifai tena, avae ya akiba. Kwa hiyo mifuko iwe miwili, mmoja wa safi, mmoja wa chafu, na iwe ya rangi mbili asichanganye. Nyumbani uwe na jozi nyingine inayokauka. Kufua ni kila jioni, sabuni na maji ya moto, suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi ya mtoto. Anika juani ikauke kabisa. Kama asubuhi bado ina unyevu, usimvalishe.

Nenda ukamwone mwalimu pia, au umpigie. Uliza mapumziko wanakaa wapi, maji ya kunawa yako wapi, nani anawasimamia wakati wa kula. Mwenye mtoto asiyesikia vizuri, huyu anayesoma midomo, amwombe mwalimu avae ngao ya uso ya plastiki angavu au barakoa yenye dirisha anapofundisha, na mtoto akae mbele.

Na siku moja atarudi na barakoa ya mwenzake, hilo litegemee. Usimchape. Ifue kwa maji ya moto, iweke kwenye bahasha, mpelekee mwalimu aitafutie mwenyewe. Kisha muulize taratibu ilikuwaje: ilikuwa wakati wa uji, chooni, au kwenye basi? Atakachokujibu ndicho utakachomfanyisha zoezi jioni hiyo.