Weusi Chini ya Macho: Uujue Kabla Hujaupaka Dawa

(Mhadhara kwa vikundi vya akina mama, Mbagala, Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wadogo zangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Daktari, akina mama wanataka kujua wapake nini chini ya macho." Nimeitika wito, lakini hilo la kupaka nitalichelewesha kwa makusudi. Weusi ule una vyanzo mbalimbali, na dawa ya chanzo kimoja haimsaidii mwenye kingine. Pesa nyingi za akina mama wa mji huu zinapotelea hapo, na ngozi zao pia.

Toeni simu, fungueni kamera ya mbele. Geukeni dirishani, mwanga uwapige usoni. Kuna ambao weusi umepungua hapo hapo, sivyo? Basi sehemu kubwa ya ule weusi ilikuwa kivuli. Kuanzia kona ya jicho iliyo karibu na pua, kuna kibonde kinachoteremka kuelekea shavuni. Umri ukisogea, mafuta ya pale hupungua na kushuka, kibonde kinazidi, na ukikaa chini ya taa ya darini kinajaa giza. Wengine wamezaliwa nacho. Krimu haijazi kibonde, hata ikiuzwa kwa bei gani.

Sasa wekeni kidole juu ya shavu, mvute ngozi kwenda chini taratibu. Rangi ikibaki kahawia ileile, hiyo ni melanini, yaani rangi ya ngozi yenyewe, imejaa pale. Ikiwa inaelekea zambarau, na ukivuta inaonekana zaidi, hiyo ni mishipa ya damu inayoonekana kwa chini. Ngozi ya pale ni nyembamba kuliko karibu popote mwilini, unene wake ni kama nusu milimita tu. Wengi wetu tuna mchanganyiko, kwa hiyo usishangae ukijikuta katika makundi mawili.

Nianze na huu wa kahawia, maana ndio mwingi kwetu. Mtazame mama yako, shangazi zako, watoto wako. Kama nao wanao tangu utotoni, ni maumbile ya ukoo, si ugonjwa, wala si dalili kwamba umechoka au unakunywa pombe. Nalisema kwa uzito kwa sababu nimewaona mabinti wazuri kabisa wakijificha kwa jambo walilorithi kwa bibi zao.

Lakini weusi huo unaongezwa, na mkono wetu ndio unaouongeza. Ngozi yenye melanini nyingi ikichokozwa huacha weusi: ikikunwa, ikiungua, ikipata vipele. Mtu mwenye aleji macho yanamwasha, anayafikicha asubuhi hadi usiku. Hapa Dar chanzo hakiko mbali: vumbi la barabarani, mende, ukungu wa ukutani wakati wa masika, na vile vidudu visivyoonekana vinavyoishi kwenye magodoro na mito. Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma nao unawasha macho vilevile. Aleji ikiziba pua, damu hutuama kwenye mishipa ya chini ya macho na weusi unazidi. Kwa hiyo mtoto anayefikicha macho kila siku apelekwe kituo cha afya atibiwe aleji, asipakwe krimu. Nyumbani fueni foronya na mashuka kwa maji ya moto kila wiki, anikeni mito juani, na macho yakiwasha tumieni kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya vidole.

Wanja nalo nilitaje, maana sisi watu wa pwani tunalipenda. Baadhi ya wanja za unga zimekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Mtoto mchanga asipakwe kabisa. Na wewe ukilitoa usiku, lilainishe kwa mafuta kidogo, ulipanguse bila kusugua.

Wa mishipa ni habari nyingine, na hapa usingizi una nafasi yake. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Najua anayetoka Chanika au Kongowe kwenda kazini Posta anaamka saa kumi usiku kuwahi usafiri, kwa hiyo siwaambii "laleni zaidi" kana kwamba ni jambo jepesi. Ninachowaomba ni upande wa jioni: simu iwekwe mbali mapema, na mto uinuliwe kidogo ili maji yasijikusanye usoni. Kitambaa cha baridi asubuhi hubana mishipa, na vipande vya tango hufanya hivyohivyo kwa sababu ya ubaridi wake. Nafuu hiyo ni ya saa chache tu.

Upungufu wa damu nao hufanya ngozi ipauke, na weusi ukajitokeza zaidi. Ukiwa unachoka upesi, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, hedhi yako ni nzito, nenda kapime. Kwa mwanamke asiye mjamzito himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu. Kwa mjamzito, chini ya 11. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani vinasaidia, hasa ukila na chungwa, na chai ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi, kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Na kama macho yanavimba kila asubuhi na miguu nayo inavimba, hilo si la urembo. Figo zipimwe.

Sasa la kupaka. La kwanza ni kinga ya jua: losheni ya SPF 30 au zaidi (SPF ni namba ya nguvu ya kukinga jua, huandikwa kwenye chupa), kofia pana, miwani. Losheni yenye rangi inayofanana na ngozi ni bora kwetu, kwani hukinga pia mwanga wa kawaida ambao nao hutia weusi. Vitamini C ya kupaka inaweza kusaidia taratibu. Hesabu miezi, usihesabu siku. Dawa za jamii ya retinoidi, yaani zinazotokana na vitamini A, zipo, ila mjamzito asiziguse, na karibu na jicho zisimamiwe na daktari.

Limao, hapana. Limao pamoja na jua letu huunguza ngozi na kuiachia mabaka. Dawa ya meno pia hapana.

Na mkorogo, ndugu zangu, nawaomba kwa moyo wote. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku nchini, lakini bado vinauzwa. Zebaki huharibu figo. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kugeuza ngozi ikawa na weusi wa bluu ambao ni vigumu sana kuutoa, hivyo aliyetaka weupe anapata weusi wa kudumu. Krimu zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho, hung'arisha kwa wiki chache, kisha ngozi inakuwa nyembamba na mishipa inatokeza. Zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya krimu ya Kariakoo.

Someni kopo kabla ya kununua. Mkiona "mercury", "calomel", "hydroquinone", "clobetasol" au "betamethasone", rudisheni. Lisilo na maandishi yoyote, lile linalopimwa kwa kijiko dukani, msilinunue kabisa. Na aliyekwisha kutumia yenye steroidi kwa miezi asiache ghafla peke yake, maana uso unaweza kuwaka na kutoka vipele. Aje kliniki ya ngozi tumsaidie kuacha.

Wengi naona mmekuja na mikoba. Mwenye kopo lake humo alilete hapa mezani, tusome maandishi pamoja, na anayetaka faragha nitabaki nje pale chini ya mwembe hadi adhuhuri.