Pilipili Manga Ndani ya Glasi ya Syrah

Assalaam alaykum wanangu. Haya nimeyasema Nungwi, nimeyasema Paje, na leo nayarudia kwa sababu bado sijaridhika. Mgeni hotelini anaulizia mvinyo mwekundu wa zabibu za Syrah: "Hii Syrah ikoje?" Na kijana wa Kizimbani, aliyekulia katikati ya mashamba ya viungo, anamjibu: "Nyekundu, kavu, nzito." Hayo yameandikwa kwenye menyu! Mgeni keshayasoma mwenyewe.

Najua mtaniambia: mwalimu, sisi hatunywi. Na mimi sinywi. Na asiyetaka hata kuishika chupa, hilo ni baina yake na Mola wake, wala meneja yeyote asimlazimishe. Lakini wewe uliyekwishakubali kazi ya kuipeleka mezani, kijue unachokipeleka. Kunusa si kumeza.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikitangaza kile kinachoipa Syrah harufu ya pilipili manga. Kinaitwa rotundoni. Sisemi kinafanana na cha pilipili manga. Ndicho hicho hicho, kimo kwenye punje tunazotia kwenye pilau na kimo kwenye ganda la zabibu. Tena kilishajulikana zamani kutoka kwenye mizizi ya ndago, ndago hizi hizi mnazozing'oa shambani huku mnazilaani! Na hakihitajiki kingi. Gramu moja igawe mafungu bilioni. Mafungu 16 tu ndani ya lita nzima ya mvinyo, na pua inakisikia. Ila si pua zote. Kiasi cha mtu mmoja katika watano hakisikii kabisa. Kwa hiyo mgeni akisema haoni pilipili yoyote humo, usibishane naye, na wala usidhani wewe ndiye hujui.

Mbona chupa nyengine inanuka pilipili na nyengine hainuki? Ni baridi ya kule zabibu zilikoota. Syrah inayoiva taratibu kwenye miteremko ya Côte-Rôtie na Cornas, kaskazini ya bonde la mto Rhône huko Ufaransa, hubaki na rotundoni nyingi. Ikipigwa na jua la Barossa, Australia, pilipili hufifia, yakaja matunda meusi yaliyoiva sana, jamu na chokoleti.

Na hapa lazima atanyanyuka mtu: si imetoka Shiraz, Uajemi, kwa wazee wetu? Kila darasa naulizwa. Waaustralia huiita Shiraz, kweli, lakini uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998 umelimaliza: wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki ya Ufaransa. Habari za Washirazi tuwaachie watu wa historia.

Nimesema rotundoni imo gandani. Basi zabibu hupondwa, na maji yake huachwa yachachuke pamoja na maganda, wiki moja, mbili. Hapo ndipo hutoka rangi, harufu, na ule ukakasi unaoushika ulimi kama bibo bichi. Kisha hukamuliwa na kulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, mara nyingi mwaka au zaidi. Mapipa mapya yakizidi, vanila na moshi huifunika pilipili. Wengine hutia mashada mazima na vikonyo vyake, na Côte-Rôtie huruhusiwa kuchanganya zabibu nyeupe za Viognier hadi asilimia 20. Hayo siku nyengine, muda unanikimbia.

Lakini hili siliachi. Mnaambiwa mvinyo mwekundu upelekwe kwa joto la chumba. Chumba cha wapi? Syrah inataka nyuzi 16 hadi 18, na Mji Mkongwe mwezi wa Machi joto hupita 30! Chupa iliyoshinda kaunta hunuka spiriti, pilipili huisikii tena. Itieni kwenye friji mapema kabla ya kuifungua, mpaka ishuke kwenye nyuzi hizo.

Haya, sahani ile pale ina pilipili manga. Kila mmoja achukue punje mbili, aziponde, azinuse, halafu ndipo aisogelee glasi.